Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maisha ya Ilya Mechnikov, Mgunduzi wa Askari wa Mwili

  Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamekimbilia marais, wanariadha na wapigania uhuru, na si vibaya. Mimi nimemchagua mzee mmoja mwenye ndevu nyingi na nywele zilizotimka, ambaye huenda umemsikia mara moja tu katika kipindi cha Biolojia ukamsahau. Hakuwahi kukanyaga udongo wetu mwekundu. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa kwa nini pombe inawamaliza baba zetu na kaka zetu huku kwenye mashamba ya chai, hana budi kuanza na mzee huyu.

Ilya Ilyich Mechnikov alizaliwa mwezi wa Mei mwaka wa 1845 katika kijiji kimoja karibu na mji wa Kharkov. Siku hizo sehemu hiyo ilikuwa chini ya Milki ya Urusi. Leo iko katika nchi ya Ukraine. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa afisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme wa Urusi. Alipenda kamari na starehe za mji mkuu hata mali ya familia ikapukutika, ndipo wakahamia shambani.

Nyumbani kwao walimbandika jina la utani la zebaki, ile madini ya majimaji iliyo katika kipimajoto, maana hakutulia mahali pamoja. Husimuliwa kwamba alipokuwa mdogo aliwalipa ndugu zake na watoto wengine visenti kutoka pesa zake za matumizi ili wakae chini, awafundishe habari za mimea. Hebu fikirieni jamani! Sisi twalipa karo ili tufundishwe, naye alilipa ili afundishe.

Kijana wa namna hiyo hangekosa kufika mbali. Katika Chuo Kikuu cha Kharkov alimaliza kwa miaka miwili kozi ambayo wenzake waliichukua kwa miaka minne. Kisha akaenda Ujerumani na Italia kuchunguza wanyama wadogo wadogo. Mwaka wa 1865, akiwa Giessen huko Ujerumani, alimwona mnyoo bapa ambaye seli zake zilimeza chakula na kukisaga humo humo ndani ya seli, kama afanyavyo ameba. Jambo hilo aliliweka moyoni. Mwaka wa 1870 akawa profesa mjini Odessa, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25 tu.

Lakini msidhani maisha yalikuwa ya kuteleza. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa na kifua kikuu. Siku ya harusi yao mwaka wa 1869 ilibidi abebwe kwa kiti hadi kanisani. Miaka minne baadaye alifariki katika kisiwa cha Madeira, alikokuwa amepelekwa kutafuta hewa nzuri. Mechnikov alivunjika moyo hata akajaribu kujitoa uhai. Alimwoa mke wa pili, Olga, mwaka wa 1875, naye Olga alipokuja kuugua vibaya homa ya matumbo, Mechnikov akakata tamaa tena na kujaribu vile vile. Mara zote mbili aliponea chupuchupu. Mwanamume wa kwetu akipatwa na msiba wa namna hiyo, marafiki humwambia twende ukasahaulie kwenye chungu cha busaa. Mechnikov, kila alipoinuka, alirudi kwenye hadubini yake.

Mwaka wa 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa, na fujo za siasa zikaingia hadi vyuoni. Mwaka uliofuata Mechnikov akaacha kazi, akamchukua mkewe pamoja na wadogo za mkewe, wakaenda kukaa Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily, Italia. Huko hakuwa na chuo wala maabara kubwa. Alikuwa na hadubini nyumbani, basi.

Siku moja mwishoni mwa mwaka wa 1882 watu wa nyumba nzima walikwenda kwenye sarakasi kuwatazama nyani waliofundishwa michezo. Yeye akabaki peke yake akimchungulia lava wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Lava huyo ni mwangavu kama kioo, kwa hivyo unaweza kuona yaliyo ndani. Mechnikov aliona seli fulani zikitembea huku na huku mwilini mwake. Ghafla akapata wazo kwamba seli zile huenda ni askari wa doria. Akatoka mbio hadi bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo lava kadhaa chini ya ngozi. Usiku ule hakupata usingizi kwa hamu. Alfajiri alipochungulia, kumbe! Zile seli zilikuwa zimeuzingira mwiba pande zote, kama siafu wanavyomzingira panzi.

Nanyi mnaochuma majani chai wakati wa likizo mnalijua jambo hili vizuri. Kijiti kikikudunga kidoleni leo, kesho mahali pale pamekuwa pekundu, pamevimba, panauma, na pengine pametunga usaha. Zamani watu walidhani uvimbe ndio ugonjwa wenyewe. Mechnikov akasema la, huo ni mwili unaopigana, na usaha ule umejaa maiti za askari waliokufa vitani. Profesa Carl Claus wa Vienna alimsaidia kuwapa askari hao jina la Kigiriki, fagosaiti, maana yake seli mlaji. Baadaye Mechnikov aliwagawa katika makundi mawili. Kuna walaji wakubwa, ndio makrofeji, na walaji wadogo, ambao siku hizi huitwa nutrofili. Tafadhali yashikeni majina haya mawili, maana tutakutana nayo tena ndani ya ini.

Je, alipigiwa makofi? Thubutu! Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walimpinga kwa miaka mingi. Wao walishikilia kwamba kinga ya mwili imo katika majimaji ya damu, si katika seli zinazotembea. Mwaka wa 1888 Louis Pasteur mwenyewe alimpa nafasi katika taasisi yake mpya mjini Paris, na Mechnikov akafanya kazi huko miaka 28, hadi kifo chake. Wafaransa wakamwita Élie Metchnikoff. Ubishi ule uliendelea hadi mwaka wa 1908, ambapo Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa kati yake na Paul Ehrlich, Mjerumani wa upande wa majimaji. Ni kama refa aliyezipa timu zote mbili kombe moja! Na leo twajua kwamba wote wawili walikuwa na haki, kwani mwili hutumia seli na majimaji pia.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nimpende mzee huyu. Alipozidi kuzeeka, alianza kuwashuku askari wake mwenyewe. Aliona kwamba walaji wakubwa wanaweza kuwageukia wenye nyumba na kuanza kula seli za mwili zilizo nzima. Alifikiri kwamba ndiyo sababu ya uzee, na hata mvi, eti askari wanakula rangi ya nywele. Chanzo chake, aliamini, ni sumu za bakteria waliojaa utumboni, ambazo hupenya na kuuchokoza mwili. Hayo ya mvi hayakuthibitishwa. Lakini mawazo mawili, yaani askari kumgeukia mwenye nyumba na sumu kuvuja kutoka utumboni, yashikeni pia.

Kwa kuogopa bakteria hao, Mechnikov alikunywa maziwa ya mgando kila siku, akawashauri watu wote wafanye hivyo, akitoa mfano wa wazee wa Bulgaria walioishi miaka mingi. Sisi Wakipsigis tukisikia hayo tunatabasamu, maana mursik tuliijua kabla ya Paris kutuambia. Nyanya yangu, ambaye humwita Kogo, bado huisafisha sotet yake kwa makaa ya mti wa senetwet na kuyagandisha maziwa humo. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mwaka wa 2013 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa mursik kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya, wakasema walikuta ndani yake kemikali iitwayo asetaldehidi. Kemikali hiyo hiyo ndiyo mwili hutengeneza mtu akinywa pombe, na hutiliwa shaka katika saratani ya umio. Kwa hivyo mimi simwambii mtu kwamba mursik ni dawa.

Mechnikov alifariki mjini Paris tarehe 15 Julai 1916 akiwa na umri wa miaka 71, moyo ukiwa umechoka, na Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto. Majivu yake yaliwekwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur. Olga aliandika maisha ya mumewe, na kitabu hicho kikatoka mwaka wa 1920.

Mtaniuliza, sasa haya yote na ulevi wapi na wapi? Ngojeni niwaingize ndani ya ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na liko upande wa kulia chini ya mbavu. Karibu robo tatu ya damu inayoingia humo inatoka utumboni. Yaani ini ni kama kiwanda cha chai: majani ya kila shamba lazima yapitie hapo kabla hayajaenda sokoni. Na kama kiwanda chochote, lina mabawabu. Hao ni walaji wakubwa wa Mechnikov, waliokaa ndani ya vijishipa vya ini wakimeza bakteria na takataka zinazopita. Huitwa seli za Kupffer, kwa heshima ya Karl Wilhelm von Kupffer, mtaalamu aliyeziona seli zenye umbo la nyota ndani ya ini mwaka wa 1876. La kuchekesha ni kwamba baadaye ilijulikana kuwa zile nyota alizoziona mwaka huo hazikuwa mabawabu. Zilikuwa seli za aina nyingine zinazohifadhi vitamini A. Hizo nazo zina kazi katika hadithi yetu, tena kazi mbaya.

Mtu akinywa pombe, seli za ini huivunja, na katika kuivunja hupatikana ile asetaldehidi, ambayo ni sumu. Akinywa sana kila siku, ini hujaa mafuta. Hapo hana dalili yoyote, anachuma chai kama kawaida na kuimba njiani. Wakati huo huo pombe inalegeza ukuta wa utumbo. Vipande vya maganda ya bakteria vinavuja, vinaingia katika damu na kufika kwenye ini, alipo bawabu. Mwaka wa 1998 Bruce Beutler wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba walaji wana kitu kama kengele juu ya ngozi yao, na vipande hivyo ndivyo huigonga. Kazi hiyo ilimpatia Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2011, miaka 103 baada ya Mechnikov kupata yake.

Kengele ikilia mara moja, hakuna neno. Lakini kwa mlevi inalia kila siku, asubuhi na jioni. Bawabu anapiga mayowe ya kemikali kuita msaada. Walaji wadogo, wale nutrofili, wanakuja mbio kwa maelfu, wanamwaga silaha zao, na kwa kuwa hakuna adui wa maana wa kumpiga, wanaziua seli za ini zenyewe. Ini linavimba na kuuma. Ndipo zile seli za nyota zinapoamka, zinaacha kuhifadhi vitamini na kuanza kushona makovu. Kovu juu ya kovu, mwishowe ini linakuwa gumu lenye manundu. Ugonjwa huo huitwa sirosisi. Kwa hivyo pombe haiuwi ini kwa sumu yake peke yake. Inawachokoza askari wetu wenyewe mpaka wanaibomoa nyumba waliyopewa wailinde. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

Ajabu nyingine ni kwamba, wakati askari wa ini wamepandwa na wazimu, wale wa sehemu nyingine wanalegea. Ndiyo maana mlevi hushikwa upesi na nimonia na kifua kikuu. Hata madaktari wako njia panda. Kuna dawa za kuwatuliza askari mtu akizidiwa na uvimbe wa ini, lakini askari wakitulizwa mno, bakteria hupata mwanya.

Naandika haya nikimfikiria mjomba wangu mmoja. Alikuwa mchumaji hodari, kikapu chake kikijaa kabla ya cha mtu mwingine. Jioni akitoka kazini hupitia kwa mama pima, na tulizoea kumsikia akirudi. Mwaka juzi tumbo lilianza kufura kama la mama mjamzito, miguu ikavimba, macho yakageuka manjano. Majirani wakasema amerogwa na mtu aliyemwonea wivu. Tukapoteza miezi kadhaa na mbuzi wawili kwa mganga. Alipofikishwa hospitalini, daktari alimtoa maji tumboni kwa sindano, akatueleza kwamba ini limejaa makovu, na kwamba tone moja la pombe ni kuongeza moto.

Kogo aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo. Mbona rafiki yake, waliokunywa pamoja miaka yote, yu mzima? Daktari akasema si kila mnywaji hupata makovu. Inategemea kiasi na miaka, damu ya ukoo, unene, na kama mtu ana virusi vya hepatitisi B au C. Wanawake huumia kwa pombe kidogo kuliko wanaume. Lakini hakuna anayeweza kujua mapema kwamba yeye ndiye atakayeponyoka. Mjomba sasa ana miezi minane bila kuonja. Tumbo limepungua na macho yameng'aa. Kikapu kilichojaa hawezi tena kukiinua, na binamu zangu wawili wameacha shule wakachume badala yake. Makovu hayo ya nje, hakuna daktari wa kuyapima.

Watu wengine husema, tatizo ni chang'aa chafu tu. Ni kweli pombe iliyotiwa methanoli huua upesi na kupofusha. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000 iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Lakini pombe safi huua polepole. Sheria ya mwaka wa 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, nalo ini halijui kusoma leseni. Busaa, bia, mvinyo au chang'aa, alkoholi ni ile ile.

Habari njema ni hii. Ini lina subira kuliko kiungo kingine chochote nikijuacho. Lile lililojaa mafuta tu linaweza kurudi hali yake baada ya wiki chache za kuacha pombe, kwa sababu kengele imenyamaza na askari wamerudi kwenye lindo lao. Hata lenye makovu hupata nafuu, ingawa halirudi kuwa jipya. Ila mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake, maana anaweza kushikwa na kifafa. Aende hospitalini asaidiwe. Na wewe mwenzangu wa kidato cha tatu unayeitwa nyuma ya soko siku ya Ijumaa ukaonje kidogo, jua kwamba askari wako hawajui kwamba unaonja tu.

Mechnikov alitumia maisha yake kuonyesha kwamba ndani ya kila mmoja wetu kuna jeshi lililo tayari kufa kwa ajili yetu. Jeshi kama hilo si la kuchokozwa. Kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye macho yake yameanza kuwa manjano au tumbo linafura, usingoje mbuzi wawili waishe. Mpeleke hospitalini wiki hii.